Siku Niliyowaunganisha Nyar Asembo na Mke Mwenzake

Tangu nistaafu watu huniuliza kama ninaikosa kazi. Siikosi hata kidogo. Nilikaa kwenye dirisha la rekodi la hospitali yetu, huku upande wa Katito, mpaka kiti kikachukua umbo langu, na siku nilipokabidhi funguo za kabati nilirudi nyumbani, nikaoga, nikanywa chai, nikacheka peke yangu kwa furaha. Lakini ninyi mnaokaa pale sasa, wenye vyeti vizuri na vidole vyepesi, ninawafikiria. Kuna kosa nililifanya ambalo sitaki mmoja wenu alirudie, na kuna jema lililotoka humo. Nitawaeleza yote mawili. Nikipotea njia kidogo mnivumilie, sina tena mtu wa kunikimbiza.

Jina langu Rispa Aloo, nyar Seme. Nyar maana yake ni binti wa mahali fulani. Kwetu mwanamke akishaolewa, jina lake la ubatizo hubaki kanisani na kwenye kitambulisho; watu humwita kwa kule alikozaliwa. Ukitoka Asembo ukaolewa Nyakach, wewe ni nyar Asembo mpaka tukuzike. Shikeni hilo vizuri.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Owiti, karani wa rekodi aliyekuwa na kalamu tatu mfukoni na hasira iliyokuwa karibu kuliko hizo kalamu. Siku yangu ya kwanza nilifungua dirisha nikaita kwa sauti, "Mary Akinyi!" Wakasimama wanawake wanne. Akinyi ni msichana aliyezaliwa asubuhi, na Mungu huleta asubuhi kila siku. Mzee Owiti akanivuta kando.

"Wewe unaita mtu ama unaita asubuhi?" akaniuliza. "Uliza kwanza ametoka wapi. Jina ni ya mwisho."

Na kweli, mgonjwa ukimwuliza, "Wewe ndiye Mary Akinyi?" atakubali. Amechoka, anaumwa, foleni ni ndefu, na hata kama ulimaanisha Mary mwingine atakubali tu ili aingie ndani. Mwache yeye mwenyewe aseme ni nani. Hilo nililijua kabla sijajua pa kuwekea pochi yangu.

Mzee Owiti alinifundisha pia thamani ya pambizo. Faili la karatasi lilikuwa na maswali ya serikali katikati, na pembeni tuliandika kwa penseli mambo ambayo serikali haikuuliza: nyar Karachuonyo, mke wa pili. Simu ni ya jirani. Hasikii vizuri, mwite kwa mkono. Na jambo la hatari tuliliandika kwenye jalada kwa biro nyekundu.

Faili la mgonjwa mmoja, nyar Asembo, lilikuwa na hiyo nyekundu. Zamani, bado tukitumia karatasi pekee, alidungwa sindano ya penisilini kwa ajili ya jipu, na kabla hajateremka kitandani uso ukafura, pumzi ikaanza kukatika. Madaktari walimpigania muda mrefu hadi pumzi ikarudi. Alipoweza kukaa, nilimletea faili lake nikaandika mbele ya macho yake: PENISILINI HAPANA.

"Andika kubwa," alisema kwa midomo yake iliyovimba. Nikaandika kubwa.

Kisha zikaja kompyuta. Tulizipokea kwa maombi na soda, tukazifunika kwa vitambaa vya kufuma vile vya kuwekwa kwenye makochi, na mafundi wakatuambia kwamba karatasi imekufa. Sikuzichukia, mjue hivyo. Kupanda ngazi kutafuta faili kwenye rafu ya juu ukiwa na magoti yangu si jambo la kulilia. Lakini ule mfumo wa kwanza ulitengenezwa na watu ambao hawajawahi kuona foleni ya Jumatatu. Kumsajili mgonjwa mmoja ulipita kurasa saba, na ukikosea ya sita ulirudishwa ya kwanza. Ulidai barua pepe ya bibi anayeuza omena. Ulidai nenosiri jipya kila mwezi, lenye herufi kubwa, tarakimu na nyota, na ukikosea mara tatu ulikufungia nje mpaka upige simu Kisumu mjini.

Na ulidai tarehe ya kuzaliwa, siku na mwezi na mwaka. Mzee anakuambia, "Nilizaliwa wakati ya ile mafuriko kubwa," na kompyuta inangoja tarakimu. Basi tukawa tunaandika tarehe mosi Januari. Mwaka tuliukisia kwa kumtazama mtu usoni, na tulipenda miaka inayoishia na sifuri. Nusu ya wazee wa Nyakach wakawa wamezaliwa siku moja. Tusingegundua ujinga wetu, ila mtu mmoja huko juu aliamua mfumo uwe unatuma ujumbe wa heri kwa kila mgonjwa siku yake ya kuzaliwa. Mwaka Mpya ulipofika, simu zililia makanisani kote watu wakiwa kwenye ibada. Chifu alikuja kutuuliza kama ni kampeni.

Tulicheka sana. Tungelia ingekuwa vyema, kwa maana onyo lilikuwa limetufikia na hatukulisoma.

Nitawaungamia jambo jingine. Chini ya meza yangu kulikuwa na daftari jeusi, lile nene la jalada gumu. Humo niliandika wagonjwa jinsi Mzee Owiti alivyonifundisha, pamoja na pambizo zake, halafu jioni, foleni ikiisha, naikalia kompyuta nikiilisha majibu iliyoyataka. Wakaguzi wakija wakiuliza kama tunautumia mfumo, tulijibu kwamba tunautumia sana. Sisemi uongo, tuliutumia, ila kama mtu anavyovaa viatu vya kubana akienda harusini.

Basi ikaja amri: kila hospitali iondoe rekodi zilizojirudia. Watu wengi walikuwa wameandikishwa mara mbili, na ukweli ni kwamba makosa mengi yalikuwa yetu. Mfumo ukaongezewa kitufe cha kuunganisha. Unachagua rekodi mbili, unabonyeza, zinakuwa moja. Nilikipenda kitufe kile kupita kiasi. Kila alasiri nilikaa nikiunganisha watu, na mkuu wa hospitali akanisifu mbele ya wenzangu nikavimba kichwa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, lakini aliye mbioni hasikii methali.

Alasiri moja nikaona kwenye skrini Mary Akinyi Odhiambo, na chini yake Mary Akinyi Odhiambo. Kijiji kimoja. Nambari ya simu moja. Wote wawili wamezaliwa tarehe mosi Januari, mwaka ule ule ulioishia na sifuri. Nikasema, huyu kaandikishwa mara mbili bila shaka. Nikabonyeza, nikaenda kunywa chai.

Mtaniuliza, Mama Rispa, hukumtambua? Ningemtambuaje? Nyar Asembo nilimjua miaka mingi, na watoto wake nawajua. Mary Akinyi Odhiambo sikumjua. Kompyuta haikuwa na pambizo la kuniambia kwamba huyo ndiye yule.

Siku chache baadaye, asubuhi, mwanamke alikuja dirishani amekasirika, akatupa pakiti ya dawa mbele yangu. Alikuwa nyar Karachuonyo, mchuuzi wa nyanya pale sokoni.

"Mama Rispa, kwani mumeniamulia nini? Ati nimeruka dawa ya pressure miezi tatu. Mimi sina pressure! Hiyo ni ya nyieka." Nyieka ni mke mwenza.

Nikacheka. "Labda amekuambukiza."

"Wacha mchezo. Naongea ukweli."

Nikaokota pakiti nikasoma jina. Mary Akinyi Odhiambo. Kicheko kikanikauka. "Na nyieka wako ni nani?"

"Si nyar Asembo."

"Jina lake la kanisa?"

"Mary. Hata mimi ni Mary. Hata Akinyi sisi wote. Bwana yetu alisema hiyo itamsaidia asikosee." Akaanza kucheka mwenyewe. "Simu pia ni yake, sisi hatuna."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshafungua rekodi ile moja niliyoitengeneza kutoka kwa wanawake wawili. Presha ilikuwapo. Nikashuka hadi kwenye kisanduku cha aleji, pale ambapo nyekundu yangu ilipaswa kuwa. Palikuwa pameandikwa: Hakuna. Katika kuunganisha, mfumo ulichukua jibu lililoandikwa karibuni zaidi, na nyar Karachuonyo ndiye aliyejaziwa karibuni. Yeye kweli hana aleji ya kitu chochote.

"Nyieka wako yuko wapi leo?"

"Si tumekuja na yeye. Amedungwa na mwiba ya samaki, ile ngege, mguu imefura yote. Nimemwacha kwa chumba ya sindano."

Sikumbuki kufungua mlango. Nakumbuka uwanja kati ya jengo letu na lile la matibabu, na watu wakinipisha, na kiatu kimoja kikiniacha. Mwili wangu mnaujua, si wa kukimbia, lakini siku ile ulikimbia. Nilikuwa nikisema, "Nyasaye, Nyasaye," na sikuwa na maombi mengine zaidi ya hilo jina la Mungu.

Niliingia nikamkuta nyar Asembo amelala ubavu, sketi imesogezwa, pamba ya spiriti imeshapita. Sindano ilikuwa kwenye sinia, imejaa. Na Sista Benta, muuguzi wetu, alikuwa amekipa kitanda mgongo, mikono kiunoni, akiitukana kompyuta. Wakati huo kulikuwa na amri kwamba dawa isitolewe kabla ya kuwekwa alama kwenye mfumo.

"Imenifungia tena!" alinipigia kelele, kana kwamba nimekuja kumsaidia. "Mara ya tatu! Nimeweka nyota, nimeweka herufi kubwa. Sasa inataka nini, damu?"

"Benta, hiyo ni penisilini?"

"Ndiyo. Kwani?"

"Usimdunge."

Nikalichukua lile sinia, nikaketi sakafuni nalo mapajani, nikalia. Kama Benta angekumbuka nenosiri lake, ningefika kumkuta nyar Asembo akitafuta pumzi. Nimeulaani ule mfumo maelfu ya mara, na siku ile ubaya wake wenyewe ndio uliotuokoa na ubaya wake mwingine, pamoja na ubaya wangu.

Nyar Asembo akainua kichwa. "Rispa, unanililia na sijakufa?"

"Hawakukuuliza kama kuna dawa inakukataa?"

"Waliniuliza."

"Ukajibu nini?"

"Nikasema iko kwa computer. Si wewe uliandika? Mimi nilikuona ukiandika na nyekundu."

Hayo maneno yaliniuma kuliko kitu chochote nilichoambiwa kazini. Hakujua jina la ile dawa, wala hakuona haja ya kulijua, kwa sababu nililijua mimi. Daktari naye aliuliza kama ipasavyo, akaitazama kompyuta, kompyuta ikamwambia hakuna. Kila mtu alimwamini aliye mbele yake, na mwisho wa mstari nilikuwa nimekaa mimi na kidole changu.

Nikamweleza pale pale, nikiwa bado sakafuni. Kisha tumbo likaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Odhiambo ametuweka boma moja miaka yote hii na ameshindwa kutuunganisha," akasema. "Wewe umefanya na kidole?"

Wakati huo nyar Karachuonyo akaingia akihema, kiatu changu mkononi. Walipotazamana wakacheka wote wawili, na Benta akacheka, nami nikacheka huku machozi yanashuka. Nyar Asembo alipewa dawa nyingine na mguu ukapona. Ninawaambia mapema ili msije mkawa na wasiwasi kama niliokuwa nao mimi.

Benta alinishauri ninyamaze. Niliyekosea nilikuwa mimi, niliyegundua nilikuwa mimi, na nilikuwa karibu kustaafu. Siku mbili nilinyamaza kweli. Mficha uchi hazai. Siku ya tatu niliandika barua moja fupi kwa mkuu wa hospitali na nyingine kwa wale wa Kisumu waliotengeneza mfumo, nikaeleza nilichobonyeza na kilichopotea. Halafu nikakaa kungoja barua ya kufukuzwa.

Badala ya barua akaja Nasreen. Ni binti wa Kihindi wa Kisumu, Mwislamu, babu yake aliuza mabati mjini, na Dholuo yake, lugha yetu, ni safi kuliko ya wapwa wangu waliokulia Nairobi. Alikuwa mmoja wa wale waliouandika mfumo. Nilidhani amekuja kuniuliza maswali. Yeye aliomba kigoda.

"Mama, wewe fanya kazi yako," akaniambia. "Jifanye mimi siko."

Wiki nzima alikaa nyuma yangu. Aliona nikirudishwa ukurasa wa kwanza, akafunika uso kwa mikono. Aliona nikimpa mzee mmoja siku ya kuzaliwa ya tarehe mosi Januari. Siku ya tatu akaniona nikiinama chini ya meza.

"Hiyo ni nini, Mama?"

Nikamkabidhi lile daftari jeusi nikijua sasa nimekwisha. Alilisoma hadi chai yake ikapoa, akifuata pambizo kwa kidole. Alipoinua macho aliniambia, "Hii ndiyo system, Mama. Sisi tulitengeneza nusu tu."

Nilihisi mzigo ukishuka, nami sikuwa nimejua kwamba ninaubeba. Miaka yote nilidhani mimi ndiye mjinga mbele ya mashine. Nawaambia ninyi pia: mkiona mtu mwenye akili timamu anakosea jambo lile lile kila siku, msimcheke yeye kwanza. Itazameni ile mashine.

Alirudi baadaye na mfumo mwingine. Kurasa saba zimekuwa moja. Pembeni mwa tarehe ya kuzaliwa kuna kitufe cha "Haijulikani," na nilipokibonyeza mara ya kwanza nilijisikia mtu mwaminifu tena. Simu inaulizwa ni ya nani. Benta alipewa kadi ya kugusisha tu badala ya nenosiri, naye akaibusu. Ukitaka kuunganisha rekodi mbili, unawekewa watu hao ubavu kwa ubavu, tofauti zao zikiwa na rangi, na lazima mwenzako mwingine akubali. Aleji ya mmoja wao haiwezi kufutwa na jibu la mwingine. Nyekundu inakaa juu kabisa ya kila ukurasa, kubwa, kama alivyotaka nyar Asembo.

Na juu ya jina, kabla ya jina, kuna kisanduku: Nyar wapi au wuod wapi, yaani binti au mwana wa wapi. Hakikuja kirahisi. Mara ya kwanza walitupa orodha ya kuchagua, na nyar Karachuonyo akaambiwa achague Homa Bay kwa sababu ndiyo kaunti yake. Alikataa katakata, akasema yeye si nyar kaunti. Nasreen alikuwepo. Akaifuta orodha siku hiyo hiyo, akaacha nafasi wazi ya kuandika maneno ya mtu mwenyewe.

Daftari langu jeusi lilipojaa sikununua lingine.

Sasa mwezi uliopita nilienda pale pale hospitalini, safari hii upande wa nje wa dirisha, kwa ajili ya presha. Naam, hata mimi imenikuta. Nilimkuta msichana anayeitwa Quinter, ambaye hakunijua kabisa, nikafurahi. Sikumwambia mimi ni nani. Nilitaka kuona.

"In nyar kanye, Mama?" akaniuliza kwanza, wewe ni binti wa wapi. Jina hakuligusa.

"Nyar Seme."

Akaigeuza ile skrini kidogo upande wangu. Akina Rispa Aloo tulikuwa watatu, na wa Seme peke yangu. Kisha akauliza kama kuna dawa inayonikataa. Ipo moja, mwaka uliopita ilinivimbisha midomo. Lakini ile tabia ya ubishi haistaafu, nikamjibu kwa makusudi:

"Iko kwa computer."

Quinter akatabasamu, lakini hakubonyeza kitu. "Iko, Mama, naiona hapa na nyekundu. Lakini nataka uniambie wewe."

Nikamtajia. Akasoma iliyoandikwa kwenye kompyuta, nikasikiliza, ikalingana na niliyoitaja. Nikaenda kukaa kwenye benchi kungoja kuitwa, na kwa mara ya kwanza katika jengo lile sikuwa na wasiwasi wowote.